Missouri: nafuu ya jimbo 25% peke yake, au tuchanganye na 20% ya shirikisho? Nyumba ya matofali, St. Louis

Mwanamatofali (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi na mke wangu tunakaribia kununua nyumba ya matofali kusini mwa jiji la St. Louis. Ni ya miaka ya 1890, ya familia mbili, moja chini na moja juu. Mtaa wote umo kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na nimehakikisha nyumba yenyewe inahesabiwa miongoni mwa zile zinazoupa mtaa hadhi hiyo. Bei ni dola 90,000, yaani ardhi 10,000 na jengo 80,000.

Paa linavuja, nyaya za umeme ni za zamani, na ukuta wa kaskazini matofali yake yanamenyeka. Tumepata makadirio mawili: dola 60,000 kwa yale ya lazima, au 100,000 tukifanya nyumba nzima ipasavyo. Serikali ya jimbo na ya shirikisho (ya Marekani nzima) hutoa nafuu ya kodi kwa anayekarabati jengo la kihistoria, nasi tunapima njia nne:

A. Tukae sisi chini, mama mkwe juu, bila mpangaji. Tuombe nafuu ya jimbo tu.
B. Tupangishe yote, sisi tubaki tulipo. Tuombe ya jimbo na ya shirikisho.
C. Tukae chini, tupangishe juu.
D. Tuachane na nafuu kabisa, tuweke madirisha ya plastiki, tumalize kabla ya baridi.

Mimi moyo uko A, mke wangu anavutiwa na B. Waliopita njia hii naomba mtusaidie. Nawasilisha.

Mhasibu_wa_Mto

Mkuu, hongereni. Kwanza neno lenyewe. Kwenye vipeperushi vilivyotafsiriwa utakuta wameandika "mkopo wa kodi", na nimekutana na watu wawili waliokataa kuomba kwa kuogopa deni. Si mkopo. Hakuna wa kumlipa. Ni kiasi kinachokatwa kwenye kodi yenyewe unayodaiwa, si kwenye kipato kabla ya kukokotoa kodi. Dola 1,000 ya nafuu inakuondolea dola 1,000 ya kodi.

Sasa hesabu zako. Serikali ya shirikisho inatoa 20% ya gharama za ukarabati, kwa jengo linaloingiza kipato tu. Nyumba unayolala mwenyewe haimo. Na kuna kizingiti: ndani ya miezi 24 utakayochagua, ukarabati lazima uzidi thamani ya jengo kwenye vitabu, yaani bei uliyolinunulia bila ardhi, ukiongeza maboresho na kutoa uchakavu. Kwako ni dola 80,000. Kwa hiyo ukichukua makadirio ya 60,000, B haipo tena mezani kwa upande wa shirikisho. Ukichukua ya 100,000, unapita.

Missouri inatoa 25% kwa nyumba ya jijini St. Louis, tena hata kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Kizingiti chake ni chepesi: gharama zizidi nusu ya bei ya mali yote. Kwako ni 45,000. Kwa hiyo hata ukitumia 60,000 jimbo linakupa 15,000, na ukitumia 100,000 linakupa 25,000.

Ukiangalia harakaharaka B inaonekana mshindi: 25,000 za jimbo na 20,000 za shirikisho. Lakini tangu sheria ya kodi ya 2017, ile 20% hailipwi kwa mkupuo. Inagawanywa miaka 5, kwako 4,000 kwa mwaka. Na kipato cha kupangisha kina kikomo kwa mtu binafsi: nafuu unayoweza kutumia dhidi ya kodi ya mshahara haizidi kodi ambayo kipato cha dola 25,000 kingetozwa kwa kiwango chako. Kama uko kwenye kiwango cha kodi cha 12%, hiyo ni 3,000 kwa mwaka. Nyumba ikionyesha hasara kwenye karatasi, hasara hiyo inakula fungu hilohilo kwanza. Kinachobaki hakipotei, kinasogezwa mbele, ila usikihesabu kama fedha ya mwaka huu.

C ndiyo ningeitazama kwa makini. Shirikisho litahesabu gharama za sehemu inayopangishwa. Tuseme nusu, 50,000. Asilimia 20 ni 10,000, sawa na 2,000 kwa mwaka, na hiyo inaingia kwenye kikomo bila shida. Ya jimbo unaipata kwa nyumba yote.

Jambo la mwisho: ukiuza ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza, shirikisho linadai sehemu irudi. Mwaka wa kwanza yote, kisha inapungua kwa asilimia 20 kila mwaka kamili unaopita.

DadaWaSoulard

Kaka, mimi naongea na D, maana ndiyo iliyoniuma.

Tulianza na haraka kama yako. Mkandarasi alituambia madirisha ya plastiki "yanafanana tu", tukamruhusu ang'oe kumi na moja ya mbele na pembeni kabla sijajaza fomu hata moja. Jirani ndiye aliyenieleza habari za nafuu, nikaomba, nikajibiwa kwamba kilichofanywa kimeondoa sura ya asili ya jengo. Jimbo na shirikisho wanatumia viwango vilevile, vya Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani (huku anasimamia ardhi na hifadhi za taifa, si polisi), viko kumi, na msingi wake ni huu: kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe kwanza, kubadilisha kuje baadaye.

Madirisha yale yalikuwa ya msonobari wa zamani, mbao nzito yenye mistari iliyobanana. Ndani ya fremu kila upande kuna chuma cha uzito kinachoning'inia kwenye kamba, ndicho kinachosaidia dirisha kupanda na kushuka. Yangu yalikuwa "yameharibika" kwa sababu kamba zilikatika. Kamba tu. Fundi mwingine alinionyesha baadaye kwenye dirisha la nyuma lililobaki: alifungua kibao kidogo pembeni, akatoa chuma, akafunga kamba mpya, dirisha likapanda kwa kidole kimoja. Nililia pale pale dirishani.

Kwa hiyo naomba sana:
Usianze kazi kabla idhini haijatoka. Gharama za kabla ya hapo unaweza kuzikosa.
Piga picha kila chumba, kila ukuta, kila dirisha, ndani na nje, kabla mtu hajagusa kitu. Bila picha za "kabla" huna cha kuwaonyesha.
Baridi idhibiti kwa dirisha la pili la kioo upande wa nje. La asili linabaki mahali pake.

Mkimbizi_KC

Salamu kutoka Northeast ya Kansas City. Tuko wengi huku, Wakongo na Warundi, ndani ya majumba makubwa ya zamani. Mimi nilifanya D, na sijutii, ila sababu yangu si yako. Nyumba yangu haimo kwenye rejista, na mtaa wangu haumo. Kuomba iandikwe peke yake ni utafiti, historia, ramani, picha na miezi mingi ya kusubiri, na paa langu lisingesubiri. Wewe mtaa umeshaandikwa. Wenzako waliifanya kazi hiyo zamani, usiitupe.

Lingine ambalo halijasemwa: fedha ya nafuu inakuja mwisho. Mafundi wanataka malipo Ijumaa hii. Cheti cha jimbo kinatoka baada ya kazi kukamilika, kukaguliwa na gharama kuhakikiwa. Una hizo 100,000, au benki imekubali?

Mwanamatofali

Ahsanteni sana, hasa dada. Pole kwa madirisha. @Mkimbizi_KC tuna 35,000 mkononi na benki imekubali mkopo wa ukarabati kwa kinachobaki. Swali: kama kodi yangu ya jimbo ni ndogo, 25,000 nitaitumia wapi?

Mhasibu_wa_Mto

Swali zuri. Ya Missouri unaweza kuirudisha nyuma miaka 3 ya kodi uliyokwisha lipa, au kuisogeza mbele miaka 10. Au unaiuza. Wapo wanunuzi, kampuni zenye kodi kubwa ya jimbo, na madalali wanaozikutanisha pande mbili. Hutapata dola kamili kwa dola, lakini unapata taslimu na unapunguza deni la benki mara moja. Ya shirikisho huwezi kuiuza hivyo.

Na usihofie ushindani na majengo makubwa ya katikati ya jiji. Jimbo lina kikomo cha jumla kwa mwaka, na ni miradi mikubwa inayokigombea. Mradi wa nafuu iliyo chini ya dola 275,000 uko nje ya kikomo hicho.

Vinavyohesabika: paa, kuta, mabomba, umeme, madirisha, ngazi, ada ya msanifu. Visivyohesabika upande wa shirikisho: bei ya kununua, chumba kipya cha kuongeza nyuma, uzio, maegesho, friji na jiko. Kazi ya mikono yako mwenyewe pia haihesabiki, maana hukujilipa. Tunza kila risiti.

Louisville_Mama

Kwa wanaosoma wakiwa Kentucky kama mimi: msichukue namba za Missouri. Huku mwenye kuishi ndani ya nyumba yake anapata 30%, majengo mengine 20%, na kwa anayeishi ndani kiwango cha chini cha matumizi ni dola 20,000, kwa hiyo hata ukarabati mdogo unaweza kuingia. Ila maombi ni mara moja kwa mwaka, mwisho tarehe 29 Aprili, na maombi yakizidi fungu kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano. Ukipitwa na tarehe hiyo unasubiri mwaka.

FundiChokaa

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote, hesabu nawaachia wenyewe. Nataka nizungumzie ukuta wa kaskazini, maana hapo ndipo fedha itaokolewa au kupotea.

Nilijifunza kazi Mji Mkongwe, Unguja, kwenye mawe ya matumbawe na chokaa. Nilipofika St. Louis nikidhani nitaanza upya, nikakuta ni lugha ileile. Jiji hili liliungua vibaya mwaka 1849, likapiga marufuku nyumba za mbao, na udongo mzuri wa mfinyanzi ulikuwa hapo hapo chini ya miguu yao. Ndiyo maana mtaa mzima ni mwekundu. Na kilichoshika matofali hayo ni chokaa na mchanga.

Mwanamatofali, nenda na ufunguo wa mlango. Kwaruza katikati ya matofali, mahali ambapo hapajaguswa. Ikitoka unga laini mweupe, ni chokaa ya asili, na hiyo ni habari njema. Kisha kwaruza pale matofali yanapomenyeka. Nina hakika utakuta pagumu, pa kijivu, ufunguo unateleza. Mtu alijaza saruji hapo.

Tofali la zamani ni laini. Linakunywa maji ya mvua kisha linayatoa kupitia chokaa, kwa sababu chokaa inapumua. Ukiziba kwa saruji, maji yanakosa njia, yanabaki ndani ya tofali. Ikija baridi yanaganda, yanavimba, na uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Saruji inabaki imesimama, tofali limeliwa. Nimeziona kuta ambazo zimebaki kama sega la nyuki, mistari ya saruji imetokeza na matofali yamezama ndani.

Kwa hiyo yule wa 60,000 muulize: utajaza nini? Akisema saruji, mwambie ahsante na umpungie mkono. Saruji ngumu itakukosesha nafuu pia, wakaguzi wanaijua. Muulize vilevile atachokoa kwa nini. Msumeno wa umeme mikononi mwa mtu mwenye haraka unakata kingo za matofali, na kingo hairudi. Na asipige matofali kwa mchanga wa mashine ili "yang'ae". Tofali lina ngozi iliyochomwa na tanuri. Ukiitoa, umelivua nguo mbele ya mvua.

DadaWaSoulard

Shikamoo mzee. Hili la saruji naenda kulitazama kwenye ukuta wangu leo.

FundiChokaa

Marahaba, mwanangu. Nenda na ufunguo.

Mwanamatofali

Wakuu, narudi na mrejesho. Jana muuzaji alituruhusu kuingia na mke wangu, tukakaa saa tatu. Tumepiga picha 214. Madirisha ni kumi na saba, kumi na matano bado ni ya mbao. Nimefungua kile kibao cha pembeni, na chuma kimo ndani, kamba imeoza.

Mzee, shikamoo. Nilikwaruza. Chini ya dirisha la jikoni imetoka kama unga wa muhogo. Kwenye ukuta wa kaskazini, kuanzia usawa wa kiuno hadi bomba la maji ya mvua, ufunguo umeteleza kama ulivyosema. Bomba lenyewe limetoboka nyuma, maji yote yanamwagikia ukutani.

Tumekubaliana C, kwa makadirio ya 100,000. Mama mkwe atakaa nasi chini, na amefurahi, magoti yake hayapendi ngazi. Yule wa 60,000 alisema saruji, tumeachana naye kwa heshima. Jumatatu napeleka sehemu ya kwanza ya maombi ofisi ya urithi ya jimbo. Mzee, picha za ukuta nikutumie wapi?

FundiChokaa

Marahaba. Ziweke hapahapa, wengine nao waone. Bomba litengeneze kwanza, mara idhini itakapotoka, kabla ya tofali lolote. Na kama idhini itachelewa hadi mwishoni mwa Oktoba, ukuta usubiri masika. Chokaa ikipigwa na barafu kabla haijashika inamomonyoka yote, utalipa mara mbili.