Hema, watoto wawili, siku tano za Agosti: Naivasha au Diani?

BabaWawili_Umoja
Wadau, hamjambo. Nisaidieni kabla nyumba haijagawanyika. Likizo ya Agosti tunataka kupiga kambi, siku tano, usiku wanne. Mimi, mama watoto, msichana wa miaka tisa na mvulana wa sita. Gari hatuna. Hema tunalo, la watu wanne, nililiokota Gikomba kwa bei nzuri. Liko sawa isipokuwa zipu ya mlango, ambayo inataka kubembelezwa.

Mama watoto anataka Diani, maana watoto hawajawahi kuona bahari hata siku moja. Mimi naona Naivasha na ile mbuga ya Hell's Gate, ni karibu na pesa haitoki sana. Bajeti ni elfu thelathini, nauli ndani yake. Nani amelala kwenye hema kote kuwili? Si hoteli, hema.

mtembezi_wa_wikendi
Kaka, piga hesabu ya nauli kwanza. Treni ya Mombasa daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, na hao watoto wako ni nusu. Hiyo ni 4,500 kwenda na 4,500 kurudi, na bado uko Miritini, stesheni ya Mombasa, na mizigo kichwani. Ushike matatu mpaka Likoni, uvuke feri kwa miguu (hiyo ni bure), ushike nyingine mpaka Ukunda, halafu tuktuk mpaka ufukweni. Watoto watafika wamelala mabegani.

Naivasha ni kama kilomita 90. Unapandia steji ya Nyamakima asubuhi, unashukia Naivasha mjini, unachukua matatu za Kongoni zinazofuata barabara ya kusini ya ziwa. Saa saba mchana hema limesimama na chai iko jikoni. Mimi nilishaacha kubishana juu ya hili.

MwanaKwale
Mdau hapo juu anaongea nauli tu, kana kwamba watu huenda bahari kupanda matatu. Mtoto wa miaka sita akiona maji yamekupwa kule Diani, mwamba umejitokeza, kila kidimbwi kina samaki wadogo na kaa, hatauliza nauli ilikuwa ngapi. Mvishe viatu vya plastiki tu, maana kuna yale madude meusi ya miba, ukiyakanyaga likizo imekwisha.

Na si ufuo pekee. Msitu wa Kaya Kinondo uko hapo hapo, ni mmoja wa misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa orodha ya UNESCO mwaka 2008. Unaingia na mwongozaji, unavaa kaniki, hung'oi hata jani. Mbega wako juu ya miti barabarani Diani, weusi kwa weupe, hawana shida na mtu. Shida ni tumbili, hao wataondoka na mkate wako. Ukitaka wanyama zaidi, Shimba Hills iko karibu, ndiko kwenye palahala (swala wakubwa) na tembo, na maporomoko ya Sheldrick unayashukia kwa miguu.

Lakini nitasema ukweli kwa sababu umeuliza hema. Agosti ni kusi. Upepo haupumziki na bahari bado imechafuka. Vigingi vya hema havishiki mchangani. Jaza mifuko ya gunia mchanga, uifukie, ndiyo ufungie kamba. Usilale chini ya mnazi hata ukiwa na kivuli kizuri namna gani. Tafuta mvinje.

Shangazi_Syokimau
Mwanangu BabaWawili, kabla ya yote: mtungi wa gesi hauingii kwenye treni. Wala panga, wala kisu kikubwa. Sisi tulienda watu saba mwaka juzi na ule mtungi wa kilo sita, na kichwa chake cha jiko, tumeufunga vizuri ndani ya beseni la nguo. Pale stesheni mizigo yote inapangwa chini mstari mmoja, watu wanarudi nyuma, mbwa anapita akinusa. Mbwa wala hakushughulika na beseni letu. Ni mashine mbele ndiyo iliyoona. Mpwa wangu akarudi nao nyumbani kwa bodaboda, treni ikaondoka bila yeye, akatufuata na basi la usiku. Siku mbili za kwanza tulikula mkate na soda.

Kwa hiyo kama ni Diani, hesabu mkaa na jiko la kununua huko, au kula kwa mama ntilie. Sijasema msiende.

BabaWawili_Umoja
Shangazi, asante, mtungi nilikuwa nimeuandika wa kwanza kwenye orodha. Nimeufuta.

MwanaKwale, hilo la kusi ndilo sikujua. Hema likipigwa na upepo usiku kucha, mvulana wangu hatalala, na asipolala yeye hatulali sisi. Sasa nieleze, maji yanaweza kufika kwenye hema?

MwanaKwale
Yanaweza, na yalinifikia mimi niliyezaliwa huku. Nilikuwa na wageni, nikajifanya mjuzi, nikapiga hema mchangani juu ya mstari wa mwani, nikasema maji huishia hapa. Nilisahau kutazama mwezi. Ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji hupanda kuliko kawaida na hushuka kuliko kawaida. Kwetu siku za bamvua yanajaa kama saa kumi, jioni na alfajiri. Basi saa kumi alfajiri nikasikia mgeni anasema, "Mbona mkeka wangu umeanza kutembea?"

Siku za maji mafu, kinyume cha bamvua, hutapata tabu hiyo. Ila pia hutauona mwamba ukitoka vizuri. Piga hema kwenye kiwanja chenye ukuta au ua, juu ya ukingo. Na uulize kama kuna muziki jirani. Mahali fulani, sitataja, nililipa usiku mbili nikalala mmoja.

mtembezi_wa_wikendi
Mnaona sasa.

njeri_hatembei_bure
Wewe mtembezi nawe tulia, Naivasha unaisifu kama haina lake. Mambo matatu ambayo hujamwambia.

Baridi. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Agosti usiku kushuka chini ya nyuzi 10 si ajabu. Hema halina joto lake. Baridi inapanda kutoka ardhini, kwa hiyo kinachotakiwa zaidi si blanketi la juu ni la chini. Sisi tunatandika maboksi yaliyofunguliwa, halafu mkeka, halafu godoro jembamba. Watoto katikati, soksi mbili mbili.

Viboko. Mchana wako majini, usiku wanatoka kula nyasi, na nyasi ziko pale unapolala. Kambi zenye akili zina uzio wa umeme kando ya maji. Ukifika, uliza uzio uko wapi na unawashwa saa ngapi, na baada ya hapo hakuna mtu kwenda "kutazama ziwa". Halafu ziwa lenyewe limepanda sana miaka hii. Kuna viwanja tulivyokuwa tukilala zamani, leo ni maji na vigogo vikavu vya migunga. Piga simu kwanza uulize kama wana mahali pakavu.

Bonde la Hell's Gate. Maji ya ghafla yaliua watu mle 2012 na tena 2019. Mvua inanyesha mbali huko juu, wewe uko chini kwenye ufa kati ya kuta mbili za mwamba, jua linawaka. Wakikwambia bonde limefungwa usimbembeleze mlinzi. Na kama liko wazi lakini kuna wingu upande wowote, mimi siingii na watoto.

Baada ya kusema hayo: Hell's Gate ndipo mahali pazuri kuliko pote karibu na Nairobi kwa mtoto wa miaka tisa. Unakodi baiskeli njia panda, unaingia lango la Elsa, na unapita kati ya pundamilia kwa baiskeli. Twiga anasimama anakutazama. Wanaruhusu kutembea na kuendesha kwa sababu wanyama wa jamii ya simba na chui ni wa nadra mle, ingawa nyati wapo, na nyati si wa kuchezea. Kuna ile nguzo ya mwamba wanaita Fischer's Tower. Wamaasai husimulia ni msichana aliyegeuka nyuma siku ya harusi yake akiambiwa asigeuke. Mwanangu aliitazama muda mrefu akauliza, "Aligeuka kuangalia nini?" Sikuwa na jibu, nikampa ndizi.

Kiingilio ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, hawapokei noti. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020, beba za kujaza.

kijana_wa_Magadi_Road
Hakuna aliyetaja Olorgesailie? Kama kilomita 65 kutoka mjini, barabara ya Magadi. Kuna mahali pa hema na vibanda, pako chini ya Makumbusho ya Taifa. Mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala chini palepale yalipoachwa, maelfu, unatembea juu ya njia ya mbao ukiyatazama. Wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimba pale miaka ya 1940. Usiku nyota zote ziko hapo, na hata baridi si kama Naivasha. Ila mchana ni jiko, na maji unabeba yako.

njeri_hatembei_bure
Olorgesailie ni usiku mmoja. Usiku wa pili watoto watakuwa wanatupiana hayo mashoka.

BabaWawili_Umoja
😂 Wangu hawatangoja usiku wa pili. Njeri, swali la mwisho: nyani? Nasikia wa Naivasha ni wezi.

njeri_hatembei_bure
Si wezi, ni mafundi. Nimemwona mmoja akiketi mbele ya hema la jirani, akashika kile kichuma cha zipu kwa vidole viwili, akavuta polepole mpaka mwisho, akaingia, akatoka na unga wa ugali. Hakuharakisha hata kidogo. Chakula hakilali hemani, kinalala jikoni kwa wenye kambi. Na zipu iwe inafungika mpaka chini, na kufuli ndogo kama una nafasi.

MamaWawili
Habari zenu. Mimi ndiye mama watoto anayetajwa hapa juu kana kwamba hasomi.

Nimesoma yote. MwanaKwale, asante kaka, umeniuzia Diani na ukaninyang'anya kwa mkono uleule. Kama Agosti ni kusi na nitakuwa nashikilia hema badala ya kushikilia mtoto, sitaki. Niambie tu, lini bahari inatulia?

MwanaKwale
Shemeji, njoo kaskazi, mwanzo wa Desemba, shule zimefungwa na wageni wa Krismasi bado hawajapandisha bei. Maji ni maangavu. Utatazama mwezi kabla ya kukata tiketi, na watoto wauone mwamba.

MamaWawili
Basi imekwisha. Agosti Naivasha, usiku tatu badala ya wanne, na kinachobaki kwenye ile elfu thelathini kinakaa kwangu mpaka Desemba, si kwa baba. Maboksi nitayaomba dukani. Bondeni hatushuki kama kuna wingu.

Na hiyo zipu inapelekwa kwa fundi kesho asubuhi. Umesoma?

BabaWawili_Umoja
Nimesoma.