Raspberry Pi ya kwenye kibodi: wakiipeleka steshenari si itauzika?

chalii_wa_sombetini
Wazee wa Arusha na Moshi habari zenu. Mimi shabiki wa hizi kompyuta za Raspberry Pi toka niko chuo, saa hizi nina ile Pi 400, ile kompyuta yenyewe imo ndani ya kibodi unachomeka kwenye TV unaanza kazi. Ilipotoka 2020 ilikuwa dola 70, seti nzima na mausi, chaja, memori kadi na kitabu dola 100. Kila anayekuja geto ananiuliza CPU iko wapi, namwambia ndo hiyo unayoibonyeza, anacheka anajua namtania.

Sasa hapo ndo naona wale jamaa wa Cambridge, Uingereza, wanaoitengeneza wana kazi ya kufanya. Sehemu kubwa ya mauzo yao siku hizi ni viwandani, na sisi wengine tunaochezea roboti na sensa tunajileta wenyewe, ila mtu wa kawaida nani anamwambia? Natamani waanzie steshenari. Fikiria dogo kamaliza form six anaomba mkopo HESLB, anaenda wapi, steshenari, matokeo ya NECTA steshenari, kujaza Ajira Portal steshenari, CV steshenari. Yani kompyuta ya kwanza ya Mtanzania ni ile pale, tena haigusi yeye, anaigusa dada wa pale yeye amesimama nyuma anataja spelingi za jina lake. Waweke Pi moja imegeukia mteja na bango moja tu, TV UNAYO NYUMBANI, BADO HII. Basi.

Tecno hawakungoja tuwafuate, walipaka kuta rangi ya bluu mpaka vijijini huko, wakaweka laini mbili na kamera inayomwona mtu mweusi vizuri. Mnaonaje, ingetoka au naota?

mama_steshenari_moshi
Mdogo wangu ndoto yako nzuri ila njoo ukae dukani kwangu siku moja tu. Mteja anakuja na flashi ina kazi ya Word, nikifungua na LibreOffice, ile programu ya bure ya kwenye Pi, mistari inaruka, CV ya kurasa mbili inakuwa tatu na picha imeenda kulala chini, halafu anasema mimi ndo nimeiharibu. Na umeme ukikatika hiyo kibodi haina betri, kazi imeenda. Dell used ya laki tatu na nusu inakaa na chaji yake, nikichoka nayo kesho namuuzia mtu. Hiyo ya kwako nitamuuzia nani, ataniambia mama unaniuzia kibodi laki mbili unusu??

fundi_wa_mbuyuni
😂😂 kibodi laki mbili unusu hapo nimecheka

Ila chalii usidharau wazo lako, matangazo mabovu yameua makampuni makubwa. Commodore 64 ya 1982 nayo ilikuwa kompyuta ndani ya kibodi, unachomeka kwenye TV, hawakuja na kitu kipya hawa wa Pi. Ile iliuzwa mpaka maduka ya midoli huko Marekani, mzazi anaenda kununua mwanasesere anarudi na kompyuta. Halafu kampuni hiyo hiyo 1985 wakatoa Amiga, mashine ya hatari kwa picha na sauti, uzinduzi wakafanyia New York na mchoraji Andy Warhol akamchora mwimbaji Debbie Harry kwenye skrini, shughuli ya mastaa. Baada ya hapo? Watu hawakuelewa ni ya ofisini au ya gemu. 1994 wakafilisika. Sisi tunasema kizuri chajiuza, kwenye kompyuta nakataa, kizuri nacho kitembezwe.

ticha_njiro
Mimi nafundisha sekondari na ningependa waanze na wazazi, sio steshenari. Hao wa Cambridge wenyewe wanaijua njia. Miaka ya 80 Acorn, nao wa hapo hapo Cambridge, walitengeneza BBC Micro, BBC wakarusha vipindi vya TV kufundisha watu kompyuta na mashine zikaingia mashuleni, mpaka majina ya Model A na Model B ya Pi za mwanzo yalitoka kule. Sasa kwa nini isiwe hivyo na huku, vipindi vya Kiswahili, kitabu cha kwenye boksi cha Kiswahili, na ilipwe kidogo kidogo kama simu za mkopo. Laki mbili kwa mkupuo mzazi wangu wa mtaa wa Unga Limited hana, elfu kadhaa kwa wiki anatafuta.

chalii_wa_sombetini
Ticha hiyo ya kidogo kidogo nimeichukua, sikuiwaza kabisa. Mama, kwenye Word umenishika, sibishi, na betri pia. Ila elewa sijasema ufanyie kazi wewe, Dell yako ibaki hapo hapo. Nasema ikae pembeni wateja wakisubiri foleni wachezee, akiipenda wewe ndo wakala unamwandikisha unakula kamisheni, kama ulivyo na mambo ya pesa za simu hapo.

mama_steshenari_moshi
Ungeanza na kamisheni mbona tungeshaelewana 😄 Lete Jumamosi nione wateja wangu watasemaje, TV ninayo. Kebo uje nayo, nimesikia hiyo ina kitundu kidogo ya kwangu haiingii.