Tupeane uzoefu: minyoo wanaokuja na mawe hai kwenye tangi la maji chumvi, wewe uliwatoaje?

Chumvi_Sharjah
Wakuu salaam. Juzi usiku taa zimezimwa nikapita na tochi nyekundu kuangalia tangi, nikakuta kitu cha rangi ya waridi kinatoka shimo hili kinaingia lile, manyoya meupe ubavuni huku na huku, mwisho wake siuoni. Mawe hai haya, yaani vipande vya mwamba wa baharini vyenye viumbe ndani, ni ya Indonesia, nimenunua kwa kilo, na walioko huku Ghuba bei wanaijua, kwa hiyo ushauri wa "tupa yote anza upya" mtu asiniletee. Mliokutana nao semeni.

mama_kasa
Karibu chamani 😂

Fundi_Skima
Mkuu punguza presha. Huyo wa waridi mwenye manyoya meupe mara nyingi ni Eurythoe, wa kawaida kabisa, kazi yake kula mabaki ya chakula, kinyesi, na samaki aliyefia nyuma ya jiwe hujamwona. Wakizidi ujue ni wewe unamwaga chakula kupita kiasi, punguza mkono na wao watapungua. Wa kuogopa anaitwa Hermodice, mnene, shina la manyoya lina wekundu, huyo kweli anatafuna matumbawe, ila kwao ni Karibiani na Atlantiki, kwenye mawe ya Indonesia sitegemei umkute. Na jambo moja watu wanalikosea sana, ukimkuta asubuhi juu ya tumbawe lililokufa usimhukumu hapo hapo, anaweza kuwa kaja matangani tu.

Kijana_wa_Tudor
Kaja matangani 😂😂 maze Fundi wewe

BiZuwena_Muscat
Mie namjua kwa vidole vyangu. Jiwe la juu lilitaka kumwangukia pweza wa mwanangu (usiulize, hadithi ndefu) nikaliwahi kwa mkono mtupu, wallahi manyoya yale huyaoni kwa macho lakini mkono mzima ulikuwa kama umepakwa upupu, kisha vidole vikafa ganzi mpaka usiku. Ukipatwa usisugue, ukisugua yanazama ndani. Chukua selotepu bandika bandua, bandika bandua, halafu siki. Mume wangu yeye alisema nipake asali. Kila kitu kwake asali.

Mzee_wa_Sampu
Siki ndiyo yenyewe. Naunga mkono.

Lete_Mdudu_DSM
Siki haifanyi kitu, kibano tu na subira.

Msukuma_Minnesota
Nilikuwa napita tu ila mmenigusa pabaya ngoja niseme. Mnaongelea wa manyoya, hao ni watoto wa shule. Mimi nilikuwa na tangi la galoni 90, nje theluji, ndani ndiyo starehe yangu ya pekee nikitoka shifti ya usiku. Samaki wakaanza kupotea. Kwanza yule mdogo wa kulala mchangani, nikasema karuka, nikamtafuta chini ya kabati, nyuma ya kochi, hakuna. Halafu klaunifishi jike, yule mkubwa mwenye ukorofi, jioni nimemlisha asubuhi hayupo, hakuna mzoga hakuna mfupa, maji nikipima amonia, ile sumu inayotoka kitu kikioza, sifuri. Mke wangu akasema ni paka wa jirani, nikamwambia paka gani anafunua kifuniko anakifunika tena? Kisha matumbawe laini nikakuta yamekatika sawasawa kwa chini, lote linaelea.

Basi usiku mmoja nikazima kila kitu nikakaa na tochi nyekundu. Muda ukapita. Nikaona mchanga chini ya jiwe kubwa unapumua hivi, unapanda unashuka, nikajua ni pampu. Pale pale samaki mmoja, kardinali, akapita karibu. Aisee. Kilichotoka sikukiona, nilichoona ni samaki yuko nusu ndani ya shimo, mkia umebaki nje unacheza kidogo, halafu na mkia nao ukaingia. Nikawasha tochi nyeupe nikakuta kichwa kimerudi mlangoni, pembe tano zenye miraba miraba, taya zimefunguka upana kuliko kichwa chenyewe, mwili unang'aa zambarau na kijani na pete moja nyeupe shingoni. Nilikimbia nyumbani kwangu mwenyewe.

Nikaweka mtego wa chupa, akala chambo akaniachia chupa. Kumvuta usijaribu, akikatika kichwa kikabaki ndani anaota upya na sasa kakujua. Mwishowe nilibeba jiwe lote mpaka jikoni usiku wa manane, nikaandaa ndoo ya maji yasiyo na chumvi, klorini imetolewa, joto sawa na la tangi, nikalizamisha. Kimya. Kimya. Nikataka kukata tamaa, akaanza kutoka, akatoka, akatoka, na bado anatoka, mke wangu kapanda juu ya kiti anasoma Zaburi kwa sauti. Futi ya fundi ilipita sentimita 90 na nyuma tayari alikuwa amekatika.

mama_kasa
Mimi naondoa tangi kesho.

Kijana_wa_Tudor
Picha iko wapi? Bila picha hii ni Abunuwasi

Msukuma_Minnesota
Wewe ungekuwa pale ungepiga picha?

Fundi_Skima
Hajadanganya. Huyo ni jamaa wa Eunice, wengi wanamwita bobiti. 2009 kule Newquay, Cornwall, akwariamu ya maonyesho ya Blue Reef walikuwa wanakuta matumbawe yamenyofolewa, wakaweka mitego usiku ikaharibiwa, mpaka wakabomoa mandhari yote jiwe kwa jiwe ndipo wakamkuta, futi 4, wakampa jina Barry. Mwaka huo huo Shirahama, Japani, alipatikana mmoja wa sentimita 299, pingili 673. Kwa hiyo wa Minnesota alikuwa kinda.

Lete_Mdudu_DSM
Sasa mnahangaika nini, chemsha mawe saa nzima kwenye sufuria, hakuna mnyoo wala yai lake.

Fundi_Skima
USICHEMSHE MAWE. Narudia kwa wanaosoma haraka haraka. Kwenye mawe hai kunaota vitu vinaitwa Palythoa, jamii ya matumbawe laini, vina sumu ya palitoksini, na mvuke wake ukiuvuta unalazwa. 2018 Steventon, Oxfordshire, familia ililazwa hospitali na zimamoto waliokwenda kuwasaidia nao wakapelekwa, kisa tumbawe lililotolewa tangini kusafishwa. Na hao hawakuchemsha!

Lete_Mdudu_DSM
Mimi nimechemsha na nipo.

BiZuwena_Muscat
Upo leo.

Kijana_wa_Tudor
Lakini nyie mnanunua mawe kwa kilo kweli? Huku maji yakikupwa unashuka Nyali, Mombasa, na ndoo unachagua, bure bana

mama_kasa
Unachagua wapi wewe? Pale ni Marine Park, hifadhi ya bahari, tangu 1986, askari wa wanyamapori wa KWS wakikukuta na hiyo ndoo utawaeleza ni ya kufulia? Hata hayo ya Indonesia yanasafiri na karatasi za CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kijana_wa_Tudor
Mimi natoa nje ya mipaka

mama_kasa
Mipaka uliipima na nini? Watu wanatega samaki kwenye miamba hiyo, ndugu zetu wanakula hapo, wewe unabomoa nyumba za samaki upambe sebule.

Kijana_wa_Tudor
Sawa mama mwenye bahari

Chumvi_Sharjah
Jamani minyoo. MINYOO.

Mzee_wa_Sampu
Kijana, nunua yule samaki mdogo mwenye mistari sita, anakula minyoo siku nzima. Tiba ya asili.

Halima_Rotterdam
Mzee shikamoo, ila huyo usimpe. Atakula vidogo viwili, vikubwa haviwezi, kisha anaanza kunyanyasa kila mgeni unayemtia. Kaa wa miguu mirefu ile ya buibui anafanya kazi vizuri zaidi, ila na yeye akikosa minyoo anatazama samaki wadogo. Halafu mbona hamjamtaja yule mnyoo bapa mwekundu? Mie nilikuwa nao wamejaa kioo chote, dukani nikauziwa dawa, hakuna aliyeniambia kwamba wakifa wote kwa mpigo wanatoa sumu. Saa mbili baadaye samaki wako juu wanapumua kwa shida, nusu wakaenda. Wavute kwanza kwa mpira kadiri unavyoweza, wabaki wachache, ndiyo utie dawa, mkaa wa kuchuja maji uwe tayari kwenye sampu, lile tangi dogo la chini la kuchujia, na maji mapya yamechanganywa unasubiri kubadilisha.

Mzee_wa_Sampu
Marahaba. Wangu hakuwahi kunyanyasa mtu.

Halima_Rotterdam
Labda yuko peke yake humo.

Mzee_wa_Sampu
Yuko peke yake ndiyo.

Fundi_Skima
Kuhusu kuzamisha, maji yasiyo na chumvi yanawatoa lakini yanaua na vilivyo vizuri, konokono, sponji, vidudu vya chakula cha samaki. Mimi napendelea kuongeza chumvi, refraktomita, kile kipima chumvi, ikisoma 1.035 hadi 1.040 dakika chache tu, wengi wanakimbia wenyewe wanadondoka kwenye ndoo. Njia yoyote utakayofuata, jiwe lisirudi tangini siku hiyo. Liweke kwenye ndoo ya peke yake na pampu na hita, bila taa, kwa sababu vilivyokufa ndani vinaoza na amonia itapanda. Pima mpaka amonia na naitraiti, sumu nyingine ya uozo, vikae sifuri. Na usimuue kila anayetambaa, wale wa nyuzi nyuzi ndefu na wale wa manyoya ya feni ni mali, waache.

Lete_Mdudu_DSM
Au chemsha.

Chumvi_Sharjah
Mrejesho. Nimeweka kamba mbichi ndani ya soksi ile nyepesi ya kike, nikaifunga nikaiegemeza kwenye jiwe kabla ya kulala. Wa waridi walinasa manyoya humo, kazi safi. Lakini jiwe la nyuma kuna shimo sijaliangalia kabla, kuna kitu kimechungulia kikarudi. Kichwani vipembe, vitatu au vitano.

Msukuma_Minnesota
VITATU AU VITANO?

Chumvi_Sharjah
Kilirudi haraka. Naona vina miraba.

Msukuma_Minnesota
Toa jiwe usiku huu huu. Ndoo, joto sawa, na kiti cha mkeo kiwe karibu.

BiZuwena_Muscat
Na hiyo soksi, mwenyewe anajua?