Tupeane uzoefu: mliowahi kumlipa mtu awaandikie habari za biashara zenu, yaliwakuta yapi?

Mbanguaji wa Chikongola
Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni. Mimi na wenzangu watano tunabangua korosho hapa Mtwara mjini, tunazikaanga na kuzifungasha katika pakiti za gramu 250 na za nusu kilo. Wateja wetu wengi wako Dar es Salaam na Dodoma. Hawajawahi kutuona, wanatujua kwa picha na maandishi tu, na ndiyo sababu tulikubaliana kumtafuta mwandishi wa kujitegemea atuandikie kurasa tano za tovuti pamoja na maelezo ya kubandika mitandaoni kwa mwezi mmoja. Tulimlipa shilingi 150,000, zote kwa mkupuo, kwa kuwa alisema ndivyo anavyofanya kazi na kila mtu.

Leo ameleta. Ukurasa wa kwanza kabisa unaanza na "karanga za korosho", na sentensi inayofuata inasema kwamba "karanga" hizo "huchumwa kwa uangalifu kutoka kwenye miti ya korosho". Mtoto yeyote wa huku anajua kwamba mti huo ni mkorosho, tunda lake ni bibo, na korosho haichumwi bali huokotwa bibo likishaanguka lenyewe. Nilipompigia simu akanijibu kwamba wasomaji hawajali mambo madogo kama hayo. Nimeumia, kwa sababu fedha ile tuliichanga watu sita. Naomba mliopita njia hii mnieleze mlifanya nini.

Shangani
Pole sana dada yangu. Hizo "karanga za korosho" nami nililetewa mwaka jana.

Mwalimu wa Newala
Ndugu mleta mada, hiyo si lugha ya mtu aliyekaa akafikiri, ni lugha ya programu ya kutafsiri. Waingereza, wakiitaja korosho, huongeza neno linalojumuisha karanga na kokwa za kila aina, na programu imelifasiri neno kwa neno. Simlaumu mtu kwa kutumia chombo kinachomrahisishia kazi. Ninamlaumu kwa kukuletea kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisoma. Dai fedha yako, na udai kwa maandishi.

Mama wa Nyumba ya Wageni, Lindi
Nilikuwa nimeapa kwamba sitalisimulia jambo hili hadharani, lakini maneno ya dada wa Chikongola yamenirudisha pale pale.

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba tisa hapa Lindi mjini. Miaka miwili iliyopita nilimpata kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyesema kwamba ameandikia hoteli nyingi, nikampa kazi ya kuandika ukurasa unaoeleza vivutio vya huku ili wageni wasilale usiku mmoja tu na kuondoka. Sikumpa maelezo yoyote; nilimwambia tu aandike vizuri wageni wavutike. Aliniletea kazi siku ambayo tulikuwa msibani. Nikaipitisha macho kwenye simu, nikaona imepangika, nikamjibu, "Sawa, bandika."

Alikuwa ameandika kwamba mgeni wangu, kwa mwendo mfupi tu kutoka chumbani kwake, atajionea mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mmojawapo wa wanyama wakubwa kabisa waliowahi kuishi duniani.

Likizo ya mwezi wa sita wakaja baba, mama na watoto wanne kutoka Dodoma. Walikuwa wamesafiri siku mbili. Asubuhi, wakiwa wanakunywa chai, yule mtoto mdogo, ambaye nadhani alikuwa na miaka minane, akanionyesha daftari alilomchorea huyo mjusi kwa penseli, shingo imepanda hadi ukingo wa karatasi, akaniuliza tutakwenda saa ngapi. Nilikaa chini. Nikawaeleza ukweli ambao kila mtu wa Lindi anaujua: kwamba Wajerumani waliichimba mifupa ile kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi wetu wakaibeba vichwani na mabegani hadi hapa bandarini, ikapakiwa melini, na kiunzi chenyewe kimesimama hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Tendaguru penyewe pamebaki kilima na msitu, na barabara yake si ya kumpeleka mtoto.

Yule baba hakupaza sauti, na afadhali angenigombeza. Mtoto ndiye aliyeniuliza, "Bibi, sasa kwa nini mliandika kwamba ipo hapa?" Niliwarudishia fedha ya malazi yote, nikawatafutia mtu wa kuwapeleka ufukweni, lakini swali lile sijapata jibu lake hadi leo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba habari ya kweli ilikuwapo. Kama angeniuliza ningempa habari ya wale wapagazi na ya bandari yetu, na mgeni angekuja akijua anachokuja kukiona.

Shangani
Hapa nimeshindwa kuendelea na shughuli zangu. Pole sana, mama.

Fundi wa Mpingo
Huyo kijana alistahili kushtakiwa. Waandishi wa mitandaoni wote ni hivyo hivyo, wanachukua fedha halafu wanaandika kitu wasichokijua. Ushauri wangu kwa dada wa Chikongola ni mmoja: usimpe mtu hata senti kabla hujaiona kazi yote.

Kalamu ya Masasi
Mama, shikamoo, na pole kwa yaliyokukuta. Mimi ni mmoja wa hao waandishi wanaosemwa hapa, na ninaomba niseme bila kumkosea mtu heshima. Kijana yule alikosea, na kosa lake ni kubwa. Hata hivyo, umeeleza mwenyewe kwamba hukumpa maelezo yoyote na kwamba ulimjibu "Sawa, bandika." Neno hilo kwetu ni sawa na kutia sahihi. Mwenye biashara akishalitamka, mwandishi anaamini kwamba kila kilichoandikwa kimethibitishwa na mtu anayeishi hapo.

Fundi wa Mpingo
Mama alikuwa msibani! Unataka kumtwika lawama mfiwa?

Kalamu ya Masasi
Kaka, simtwiki mtu lawama. Ninasema kazi hii ina watu wawili. Nitakueleza la kwangu, tena linahusu vinyago, jambo unalolijua vizuri. Mwenye duka mmoja alinipa kazi ya kuandika maelezo kumi ya vinyago vyake. Nilipomwomba maelezo akasema, "Wewe si msomi? Andika." Nilipanda basi kwa nauli yangu, nikakaa na wachongaji siku mbili, wakanieleza tofauti ya kinyago cha ujamaa, kile ambacho watu wamebebana na kushikana katika gogo moja la mpingo, na kile cha shetani, na kwa nini mchongaji huanza kwa kulitazama gogo kabla ya kuligusa. Niliandika kwa moyo wangu wote. Wiki moja baadaye mwenye duka akaniambia kwamba hajaona mauzo yoyote, kwa hiyo shilingi 80,000 zilizobaki hatanilipa. Hajanilipa hadi leo, na maelezo yangu bado anayatumia.

Fundi wa Mpingo
Kwa hilo amekudhulumu, ninakiri. Lakini na wewe uelewe kwamba sisi tunauza ndipo tunakula. Maandishi yasiyoleta mteja yananisaidia nini?

Kalamu ya Masasi
Aliyekuchorea kibao cha duka, ulimlipa baada ya kuchora au ulimsubirisha hadi wateja waingie?

Fundi wa Mpingo
Kibao nakiona kwa macho. Maneno siyaoni yanafanya nini.

Mwalimu wa Newala
Ndugu zangu wawili, mkibishana hivyo dada hatapata jibu. Kulipia kazi ni jambo moja na mauzo ni jambo la pili. Mkitaka mwandishi alipwe kutokana na mauzo, muandikiane hivyo tangu mwanzo, naye akubali au akatae.

Mama Mwani
Nami niongeze la kwangu, kwa kuwa naona tunazungumzia makosa ya majina na ya mahali, na kuna makosa yanayogusa miili ya watu.

Kikundi chetu cha akina mama kinatengeneza sabuni ya mwani. Mwandishi tuliyemlipa aliandika kwamba sabuni yetu "inaponya ukurutu na magonjwa yote ya ngozi." Sisi hatujawahi kusema hivyo. Tulisema inalainisha ngozi, basi. Tuliona maneno yale yanapendeza na oda zikaongezeka, tukanyamaza, na hapo ndipo kosa likawa letu. Baada ya muda akatupigia mama mmoja ambaye alikuwa ameacha kumpaka mwanawe dawa ya hospitali, akawa anamwogesha kwa sabuni yetu tu, na ngozi ya mtoto imechanika na kutoa maji. Nilimsihi amrudishe hospitali siku ile ile. Alimrudisha, na mtoto akapata nafuu, lakini usiku ule sikufumba macho. Tuliyafuta maneno yale kila mahali tulipoweza.

Jambo nililojifunza baadaye ni kwamba tangu mwaka 2019 masuala ya vyakula na vipodozi yako TBS, yaani Shirika la Viwango, na dawa ziko TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukishaandika kwamba kitu chako kinaponya, umekiita dawa, na hakuna mahali popote ulipokisajili kama dawa. Wenzangu wa korosho, asali na mafuta ya nazi, jihadharini na mwandishi anayependa neno "inatibu."

Mwalimu wa Newala
Mama Mwani, hili ndilo zito kuliko yote. Ahsante kwa kulisema wazi.

Kijana wa Ruangwa
Angalieni pia nani anafungua ukurasa. Mwandishi wetu aliufungua kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Tulipotofautiana kuhusu malipo akabadilisha nywila, na wafuasi wote tuliowakusanya mwaka mzima wakabaki kwake. Fungua mwenyewe kwa namba yako, kisha umpe ruhusa ya kuandika tu.

Shangani
Mimi niliishia kuacha kuajiri mtu. Ninajirekodi kwa sauti nikielezea bidhaa yangu kama ninavyomweleza mteja dukani, halafu binti yangu anayaweka katika maandishi. Dada, ijaribu njia hii.

Mwalimu wa Newala
Si kila mtu ana binti mwenye nafasi, ndugu yangu. Ninaona mwandishi wa kulipwa anafaa, ila asipewe kazi ya miezi mitatu kwa kuanzia. Mpe ukurasa mmoja, umlipe huo mmoja, uutazame. Mkataba uwe wa karatasi moja: idadi ya kurasa, tarehe ya kuleta, mara ngapi utamrudishia arekebishe, na maandishi yatakuwa mali ya nani baada ya malipo kukamilika. Hilo la mwisho watu hulisahau, na nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999.

Fundi wa Mpingo
Bado ninasema asilipe kabla.

Mama Mwani
Nusu kabla, nusu baada. Usipompa chochote atafanya kazi ya mwingine kwanza.

Mbanguaji wa Chikongola
Nimesoma yote na nimewasomea wenzangu. Mwandishi wetu nimemwandikia ujumbe kama mwalimu alivyosema, nikamwekea na orodha ya makosa kumi na mawili. Amekubali kurudisha shilingi 60,000, nasi tumeona tuzichukue tusonge mbele. Nimekuta pia ameandika kwamba korosho zetu ni "za daraja la juu kabisa" bila kutaja daraja lenyewe, ilhali nilimwambia kwamba tunauza W240, yaani punje nzima nyeupe zinazofikia 240 hivi kwa ratili moja. Mnunuzi wa jumla husoma namba hiyo kabla hajasoma neno lingine lolote.

Kaka Kalamu ya Masasi, wewe uliyepanda basi kwenda kukaa na wachongaji, ungependa kuja kutuona? Jumamosi tunabangua kuanzia saa moja asubuhi. Vaa nguo usiyoionea uchungu, kwa sababu mafuta ya ganda yakikuangukia hayatoki, na usishike kitu kabla hujapakwa majivu mikononi.

Kalamu ya Masasi
Nitakuja Ijumaa jioni ili asubuhi nisichelewe. Nauli ni juu yangu. Nitaandika ukurasa mmoja tu kwanza, nanyi wote sita muusome kwa sauti mbele yangu, na bei tuiandike kabla sijashika kalamu.

Fundi wa Mpingo
Huyo mwenye duka la vinyago yuko upande gani? Kama ni huku kwetu nitakwenda kuzungumza naye kuhusu zile 80,000.

Kalamu ya Masasi
Nitakutumia ujumbe pembeni, kaka. Ahsante.

Mama wa Nyumba ya Wageni, Lindi
Mwanangu Kalamu, ukitoka Mtwara na kufika Mnazi Mmoja usinyooke na njia ya Masasi, pinda uje Lindi. Chumba kipo, hutalipa. Ukurasa wangu niliufuta siku ile walipoondoka wale wageni, na sijaweka mwingine. Nitakupeleka kwa wazee wawili wanaoijua habari ya mifupa ile kama walivyosimuliwa na baba zao, uwasikilize kwanza.