Mrejesho: PCR ya muhogo na kibali cha kuhoji wakulima

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza mawili: kwa nini PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi) ya kuthibitisha jeni iliyohaririwa kwenye muhogo haitoi mstari kwenye jeli, yaani alama kwamba kipande kimepatikana, na kama kuhoji wakulima kunahitaji kibali.

Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, hazikuwa na kosa. DNA ilikuwa chafu: uwiano wa 260/230 (kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga) ulikuwa 0.9 tu, nayo ilivutika kama mlenda kwenye ncha ya pipeti. Huo ni wanga wa majani makuukuu, na huzuia polimerezi, kimeng'enya kinachonakili DNA. Kilichosaidia ni majani machanga, CTAB 2% (sabuni ya kutoa DNA) yenye PVP 1% (kemikali inayonasa uchafu wa mmea) na chumvi molari 2, joto la nyuzi 65 kwa dakika 30, kloroformu mara mbili, isopropanoli, kisha kuosha kwa ethanoli 70%. Lakini anzeni kwa kuzimua DNA mara 10. Hata hilo peke yake lilileta mstari hafifu.

Kibali kinahitajika. Hapa Nairobi anzeni na kamati ya maadili, kisha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti, maana leseni huombwa kwa barua ya kamati. Fomu ya ridhaa ikisema tu "kuhariri jeni", mkulima hajaelezwa kitu. Mwambieni kinachokatwa kwenye jeni za muhogo, sababu yake, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote.