Naomba ushauri: tuipeleke wapi familia kwenye michezo ya maji hapa Mombasa?

MamaWanne wa Likoni

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Likizo ya Agosti imekaribia, na mimi na mume wangu tumeazimia kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji. Tutakuwa watu saba: sisi wawili, watoto wa miaka 14, 10, 7 na 3, pamoja na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na haingii majini, lakini hakubali kuachwa nyumbani. Gari hatuna, na tumeweka shilingi 15,000 kwa kila kitu, nauli na chakula vikiwemo.

Wakubwa wanaililia Wild Waters ya Nyali kwa ajili ya slaidi. Mume wangu anaona heri tulipie siku moja katika hoteli ya Shanzu, mfano PrideInn Paradise, ambako michezo ya maji na ufuo viko pamoja. Mimi nafikiria ufuo wa umma wa Pirates, kwa kuwa bahari haina kiingilio.

Kuna jambo bado linaniuma. Disemba tulikwenda mahali ambapo sitapataja, nami nimevaa dera na mtandio. Nilipokuwa nikilipa, hakuna aliyeniambia neno. Nilipofika ukingoni mwa kidimbwi cha watoto ili nimshike huyu wa mwisho, nikaambiwa nguo hiyo haiingii majini. Nilikaa kitini karibu saa tatu nzima nikimtazama mwanangu akishikwa mkono na dadake, ambaye naye ni mtoto. Sitaki yanirudie.

Mzee wa Bamburi

Waalaykum salaam, mama. Kwa Pirates, tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa saa nne hivi asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Mkifika asubuhi mtakuta mchanga na mwani, na maji yakianza kurudi ndipo mnawaza kuondoka. Agosti pia ni kusi, na ijapokuwa miamba huvunja mawimbi makubwa, upepo huyachafua maji na kumchosha mtoto upesi. Zile tyubu za kukodi ni raha kwa kijana anayejua kuogelea, lakini mtoto wa miaka 3 usimweke juu yake hata ukiwa umeishika.

Shangazi wa Kisauni

Pole sana, mwanangu. Kanuni yenyewe ina sababu, ingawa wewe ulistahili kuambiwa mlangoni kabla hujatoa pesa. Pamba hunyonya maji na kuwa nzito, na nyuzi zake huingia kwenye vichujio vya bwawa. Nunua vazi la kuogelea la stara, lile la suruali, kanzu fupi na kilemba, la kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Kisha piga simu siku mbili kabla na uulize waziwazi: je, vazi la stara la nailoni linaruhusiwa katika mabwawa yote? Mjukuu wangu huvaa hilo na huogelea kwa amani. Uliza pia mahali pa kuswalia, na kama bibi anaweza kuingia na chakula chake, maana sehemu nyingi hukataza vyakula kutoka nje, na chipsi za watu saba nazo hula bajeti.

Mwalimu wa Kuogelea

Nimefundisha watoto kuogelea kwa miaka mingi hapa Pwani, na naomba usichague kwa urefu wa slaidi. Chagua kwa ajili ya huyo wa miaka 3 na bibi yake, kwa sababu hao wawili ndio watakaoamua kama siku imekuwa nzuri. Mahali pengi slaidi kubwa hutaka mtoto afikishe sentimita 120, kwa hiyo mpime wa miaka 7 ukutani nyumbani, asije akafika akalia.

Ukipiga simu, uliza kina cha kidimbwi cha wadogo, uliza kama muokoaji hukaa hapo muda wote au huzunguka, na uliza kama kuna kivuli ukingoni, si kwenye mkahawa wa mbali. Mkifika, simama utazame chini. Usipoiona sakafu ya bwawa vizuri, msiingie, hata kama mmelipa.

Na nakuomba sana: mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa hulala nyuma, mdomo huwa usawa wa maji, mikono husukuma maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi, na kabla dakika haijaisha ameshakwenda chini. Maboya ya kujaza upepo mikononi huchomoka. Mtu mzima mmoja awe majini naye, umbali wa mkono tu, bila simu, na mpokezane kila nusu saa. Binti wa miaka 14 asipewe zamu hiyo.

Kwa hali yenu ningechagua Nyali, siku ya Jumanne au Jumatano. Shanzu ni mbali zaidi kwa matatu, na bibi atachoka.

Jirani wa Mtongwe

Ongeza hili: mrudi feri kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini saa za watu kutoka kazini, ule msukumano si wa mama mwenye magoti mabovu.

MamaWanne wa Likoni

Nawashukuru kwa dhati. Nimempima wa miaka 7 jioni hii: sentimita 116. Amenyamaza, nikamwambia zipo slaidi ndogo. Mume wangu amekubali Nyali siku ya Jumanne, na tutachukua tuktuk kutoka Kongowea ili mama asitembee. Kesho napiga simu kuuliza vazi, kivuli na muokoaji. Wakisema vazi la stara haliruhusiwi, tutangoja siku ya maji mafu, bahari isipokupwa sana, twende Pirates, na huyu mdogo nitamshika mwenyewe.