Mazda Roadster ya 2001: kutu ipi niivumilie, na ipi inifanye niliache gari?

Mwanatanga ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliokwisha kununua au kutengeneza magari ya spoti ya zamani, kwa sababu nimefika mahali ambapo macho yangu peke yake hayatoshi. Ninaishi Tanga, na gari ninalolitaka liko Dar es Salaam. Ni Mazda Roadster ya mwaka 2001, kizazi cha pili, injini ya lita 1.8, gia za mkono, paa la turubai. Muuzaji anataka shilingi milioni 14. Injini nimeisikiliza ikiwa baridi na ikiwa imepata moto, gia zinaingia bila kusumbua, na upande huo sina shaka kubwa. Shaka yangu iko kwenye bodi.

Niliyoyaona ni haya. Rangi nyekundu ya buti imepauka na vanishi inabanduka vipande vipande. Bampa la mbele lina ufa wa urefu wa kiganja. Mlango wa kushoto una mkwaruzo mrefu, na mahali pamoja bati linaonekana. Taa za mbele zimekuwa za manjano, na boneti lina vishimo vingi vidogo vilivyopigwa na mawe. Nyuma ya mlango wa kulia, chini kabisa, mbele ya gurudumu la nyuma, rangi imeinuka malengelenge matatu, na lililo kubwa kuliko yote linafikia punje ya hindi. Nilipochungulia uvunguni nilikuta pamepakwa rangi nyeusi nzito kama lami, ambayo bado inang'aa. Muuzaji alinieleza kwamba hiyo ni kinga ya kutu, na kwamba malengelenge yale ni ya juu juu tu, yanahitaji msasa na rangi ya kopo.

Amenipa pia nakala ya karatasi ya mnada wa Japani. Imeandikwa daraja 3.5, ndani C, mnada wa Sapporo, na kwenye mchoro wa gari kuna A2, U1, W2 na S1. Sijui kuisoma.

Gari la namna hii nimelitamani tangu nikiwa mwanafunzi, na wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Ndiyo maana naomba mnisaidie kutenganisha yaliyo ya sura na yaliyo ya gari lenyewe.

Fundi Bodi, Magomeni:

Ndugu Mwanatanga, umeeleza vizuri, ila hofu yako umeigawa sawa kwa vitu visivyo na uzito sawa. Bampa ni la plastiki. Linaungwa au linabadilishwa, na haliozi. Taa husuguliwa kwa msasa laini wa maji na kung'arishwa. Buti litapulizwa upya. Vishimo vya boneti usivihangaikie hata kidogo, kwa sababu boneti la gari hilo ni la alumini na haliwezi kushika kutu nyekundu. Mkwaruzo wa mlango unahitaji kushughulikiwa mapema, kwani bati lililo wazi katika hewa yetu ya pwani halisubiri, lakini leo bado ni kazi ya rangi. Haya yote ni ya kupunguzia bei.

Yaliyobaki ni malengelenge matatu na ile rangi nyeusi, na hapo ndipo penye gari.

Kutu iko ya namna mbili kwa mtu anayenunua: inayotoka nje kuingia ndani, na inayotoka ndani kuja nje. Jiwe likigonga rangi, utaona jeraha, kisha kutu imezunguka jeraha lile. Hiyo unaiona yote, na ukisugua unafika kwenye chuma cheupe. Lakini ukiona rangi imeinuka na juu yake haina mkwaruzo wala tundu, jiulize maji yaliingilia wapi. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma rangi kutoka nyuma. Lengelenge la ukubwa wa punje ya hindi lililotoka ndani mara nyingi ni ncha ya pale bati lilipokwisha kuliwa hadi likawa jembamba kama karatasi. Msasa na rangi ya kopo utaficha kwa miezi michache tu.

Kwenye Roadster mahali hapo pana sababu yake. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hukusanywa kwenye mfereji nyuma ya viti, kisha hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari karibu na magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi vikiziba mrija, maji hayana pa kwenda, hufurika na kuingia ndani ya ubavu wa chini ya mlango, ambao ni sanduku la bati lililofungwa. Humo hukaa wiki nzima bila kukauka. Gari linaweza kuwa limeoshwa na kung'arishwa kila Jumapili, huku ubavu wake unaoza kimyakimya.

Na gari hili halina paa la chuma. Katika gari la saluni la kawaida, lenye paa la chuma, paa na nguzo hushirikiana na sakafu kubeba mzigo. Hapa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na bavu hizo mbili. Zikioza, gari linapinda. Fungua turubai, tazama nafasi kati ya mlango na bodi juu na chini: zikitofautiana, uliza kwa nini. Kisha jeki iwekwe mahali pake palipotengwa, gari liinuliwe kidogo, na ufungue na kufunga mlango. Ukianza kukwama, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kuhusu rangi nyeusi: kinga ya kutu hupakwa kwenye chuma kilichosafishwa. Iliyopakwa juu juu siku chache kabla ya kuuza ni pazia. Kwa ruhusa ya mwenye gari, gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia bati zima kuelekea pale penye shaka. Bati zima hulia. Lililooza au lililojazwa puti hutoa sauti ya kufa. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa itakusaidia pia, maana haishiki vizuri penye puti nene, ila usiijaribu kwenye boneti wala bampa ukadhani umegundua ubovu.

Msomakaratasi:

Nitaongeza kuhusu karatasi ya mnada tu. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya mahali palipowahi kunyooshwa au kupulizwa rangi na mkono wa fundi bado unaonekana kidogo, S ni kutu, kutokana na neno la Kijapani *sabi*. Ukikuta C kwenye mchoro huo, ni kutu iliyokwisha kula chuma, na hiyo ni mbaya kuliko S. Tarakimu 1 ni kidogo, 3 ni kubwa. X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Herufi C uliyoitaja wewe inahusu hali ya ndani ya gari, yaani viti na mapambo, isikuchanganye.

Daraja 3.5 kwa gari la umri huo si baya, na kwa kuwa si R wala RA, mnada haukuliona kuwa na historia ya ajali iliyogusa mifupa ya gari. Kumbuka kwamba kubadilisha mlango au madigadi inayofungwa kwa bolti hakuhesabiwi kuwa historia hiyo.

Kilichonishtua ni neno Sapporo. Mji huo uko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini ambako theluji ni nyingi na barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi hurukia uvunguni na kuingia kwenye kila mwunganiko wa bati, na chumvi huongeza kasi ya kutu kwa kiasi kikubwa. Soma pia maandishi ya mkono yaliyo pembeni ya mchoro; ukikuta maneno yanayosomeka *shitamawari sabi*, maana yake ni kutu ya uvunguni. Mwombe anayejua Kijapani akusomee picha ya karatasi hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Karatasi inaeleza siku moja tu ya maisha ya gari. Mkaguzi wa mnada hang'oi zulia, na tangu siku hiyo gari limekaa miaka pwani.

Mwenye Roadster, Mombasa:

Langu ni la 2004, liliingia Mombasa kabla halijavuka ile miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu kwa magari yaliyotumika. Nililinunua kwa macho. Lilikuwa la buluu, limetoka kupulizwa, linang'aa mpaka nikajiona ndani ya mlango. Mwaka wa pili, nilipoondoa viti ili nisafishe zulia, nilikuta sponji ya chini imelowa, na nilipoikamua yakatoka maji ya rangi ya chai. Nilipoifunua kona ya nyuma, kidole changu kilipita kwenye bati kikatokea nje. Aliyeniuzia hakuwa mwongo; naye alikuwa hajawahi kufunua zulia lile.

Kwa hiyo, ndugu, nenda na chupa ya maji ya nusu lita. Fungua turubai, tafuta mdomo wa mrija nyuma ya kiti, kwenye kona karibu na mkanda, na umimine polepole. Mwenzio achuchumae nje karibu na gurudumu la nyuma. Maji yanapaswa kutoka mara moja na kwa wingi karibu sawa na unavyomimina. Yakitoka matone matone, mrija una uchafu; yasipotoka kabisa, acha kumimina. Fanya pande zote mbili, kisha ingiza mkono chini ya zulia na unuse. Harufu ya unyevu wa zamani huwezi kuisahau ukishaijua.

Jambo jingine ambalo Fundi hakuligusa ni mihimili miwili ya mbele, inayoanzia chini ya injini kwenda kwenye bampa. Katika kizazi cha pili imetengenezwa kwa bati zilizopandana, na unyevu ukiingia katikati yake huoza kutoka ndani, bila dalili hadi imechelewa. Mimi naogopa mihimili hiyo kuliko bavu, kwa sababu suspensheni ya mbele imeshikiliwa hapo karibu na kazi yake ni ngumu kufikika.

Mwanatanga:

Nawashukuru sana. Jana nilirudi Dar es Salaam na nikamwomba mwenye gari tulipandishe kwenye gereji iliyo jirani naye. Alikubali bila ubishi, na aliposikia sauti ya bisibisi alishangaa kama mimi.

Upande wa kushoto maji yalitoka vizuri, bati linalia, zulia ni kavu. Upande wa kulia maji hayakutoka kabisa. Fundi wa pale alipogonga chini ya malengelenge, ganda la ile rangi nyeusi lilidondoka pamoja na kipande cha bati, likabaki tundu ambalo vidole viwili vinaingia. Tulipopima kwa kuendelea kugonga, ubovu ulienda kiasi cha sentimita 20 kuelekea mbele, kisha sauti ikarudi kuwa nzima. Mihimili ya mbele tuliikwangua rangi nyeusi sehemu tatu: chini yake kuna rangi ya kiwandani, haina uvimbe. Milango ilifunga vizuri hata gari likiwa juu ya jeki. Kwenye karatasi, rafiki aliyesoma Japani aliniambia yameandikwa maneno yale yale, *shitamawari sabi*.

Muuzaji amesema atashuka hadi milioni 11. Je, sentimita 20 zinachomeleka zikawa salama, au nimekwisha kupofushwa na mapenzi?

Fundi Bodi, Magomeni:

Zinachomeleka, mradi kazi ifanywe inavyotakiwa. Kwa kuwa mihimili ni mizima na milango haijakaa vibaya, mimi ningelinunua, lakini si kabla ya kupata bei ya kazi hii kwa maandishi kutoka kwa fundi atakayeifanya, maana ukishakata utakuta ubovu umezidi kidogo ule uliousikia kwa bisibisi. Hesabu sentimita 30, na uipeleke bei hiyo kwa muuzaji.

Usikubali kipande cha bati kubandikwa juu ya lililooza. Huko ni kufungia maji ndani, na mwaka ujao utakuwa na tabaka mbili za kutu badala ya moja. Bati likatwe hadi lifike kwenye chuma cheupe pande zote, tabaka la ndani la ubavu litazamwe kabla ya kufunga la nje, na gari likae juu ya stendi zilizo sawa muda wote wa kazi, milango ikiwa imefungwa, lisije likapinda wakati ubavu uko wazi. Zulia, viti na kila kinachoshika moto viondolewe. Mwambie fundi akupigie picha kabla hajafunga.

Baada ya kuchomelea, nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya ubavu kupitia matundu yake, pande zote mbili, hata huo wa kushoto ulio mzima. Rangi ya buti na mlango iwe ya mwisho kabisa. Mrija wa kulia uzibuliwe kwa waya laini wa plastiki, si wa chuma, usije ukautoboa. Na ile rangi nyeusi yote ing'olewe, hata palipolia vizuri, kwa kuwa mihimili mmeikwangua sehemu tatu tu.

Mwanatanga:

Nimeelewa, mzee wangu. Fundi anakuja kulitazama Jumamosi asubuhi, na hadi atakapoandika bei yake kwenye karatasi, fedha zangu zinabaki Tanga.